Havioani

Cha kulia nilikinunua pamoja na ndugu yake,
Desemba, siku ya mshahara, ndani ya kijisanduku cheusi
kinachojifunga kwa mlio mdogo
kama mtu aliyekerwa.
Ndugu yake alitumbukia chooni. Usiniulize.

Hiki cha kushoto nilikitoa sokoni Arua,
juu ya gunia, kati ya rimoti zisizo na betri
na chaja zilizokatwa vichwa.
Elfu nane. Nikalalama mpaka elfu sita.

"Rangi ni ileile," nilimwambia Ezama,
"kampuni ileile. Mbona havioani?"

Ezama hufungua kwanza, husema baadaye.
Ana meza moja, barabara ya Rhino Camp,
mswaki uliozeeka, spiriti kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
na kioo cha kukuzia alichokifunga kichwani
kwa mpira wa suruali.
Alichokonoa nta ya masikio yangu bila kunitazama usoni,
kama daktari mwenye adabu.
Akapangusa vile vidoti vya shaba.
Akaiambia simu yangu: sahau.
Simu ikauliza: una hakika?
Akaiambia tena: sahau.

"Sasa bonyeza vyote viwili. Pamoja. Usiachie."
Tukahesabu hadi kumi na tano,
yeye kwa Kilugbara, mimi kwa Kiswahili cha kambini nilikokulia,
tukafika sawa.

Nyekundu. Buluu. Nyekundu. Buluu.
Cha kulia kililia, ndiyo kazi ya jina lake,
kikapepesa, kikaita, uko wapi, uko wapi.
Cha kushoto kilipepesa mara mbili
kikatulia.

"Kimepata," akasema Ezama.
"Kimepata nini? Simu yangu haijaona kitu."
"Sikusema kimekupata wewe."

Nikakitia sikioni.

Mtoto:
Mama, hesabu nimepata sabini na mbili.
Bibi anasema umkumbushe shangazi habari ya paa.
Mama, viatu vimeanza kucheka.

Kimya. Kisha tena, kuanzia mwanzo:
Mama, hesabu nimepata sabini na mbili.
Mara ya tatu. Mara ya nne.
Mtu fulani, karibu, alikuwa akirudisha kwa kidole,
na kila mtoto alipofika kwenye viatu
nilisikia, kwa sikio langu lile lililo wazi,
mwiko ukisimama juu ya kikaango.

Mastura hukaanga chapati hatua kumi na mbili kutoka kwa Ezama.
Kila jioni nikienda zamu hununua mbili, na yai.
Miezi yote hiyo sikujua
kwamba chini ya mtandio, upande wa kulia, kuna kitu.

"Kilidondoka siku ya mvua ya mawe," alisema.
"Nilipapasa mtaroni mpaka giza."
Hakuuliza nilikitoa wapi. Sikutaja elfu sita.
Alikifuta kwa pindo la mtandio, akakirudisha mahali pake.
Hakubonyeza. Hakuhesabu.
Bega lake la kushoto tu nililiona likishuka
kama la mtu aliyetua ndoo.

Ezama alitaka elfu tatu yake hata hivyo.
Kazi imefanyika, alisema,
hakuahidi imefanyika kwa nani.
Nikalipa. Chapati zangu zikaja na yai la pili
ambalo hakuna aliyelizungumzia.

Usiku huu, getini, nina kimoja.
Upande wa kulia mtangazaji anapiga kelele za mpira.
Upande wa kushoto ni jenereta ya hospitali,
mbwa, panya kwenye bati,
pikipiki inayorudi kutoka Vurra imechelewa.
Bosi wangu alishasema tangu Desemba:
mlinzi anayeziba masikio yote mawili
analinda nini?

Sawa, bosi.
Lakini mpira siusikii vizuri.
Nafikiria vile viatu.
Mtoto hakutaja namba.