Akiba Huoza

Kila Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
Eduvigis Painemal huchomoa mkanda mashineni,
huandika tarehe kwa kalamu nyekundu,
huutia katika mfuko uliokuwa wa mkate
na kuuvusha barabara hadi kwa wazimamoto,
kabati la chuma, chini ya helmeti.
Miaka tisa. Theluji, mgomo wa malori, msiba wa mamaye.
Na kila Jumatatu taa ya kijani: imekamilika.

Humo mna hati za mashamba ya bonde zima,
kisima cha kina Huenupi,
mpaka wa misonobari uliogombewa na ndugu wawili
hadi mmoja akazikwa upande usio wake.

Sisi kitu hiki tunakiita chelezo:
kinachoelea chombo kikizama.
Ila hiki hakijawahi kuguswa na maji.
Kimelala kabatini, kikavu, kikisifiwa.
Akiba haiozi, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na mikanda.

Jumanne moja ya Julai, mlima kimya,
hakuna jivu, ardhi imetulia kama ng'ombe aliyeshiba,
Yerko, fundi mpya wa miaka ishirini na mitatu,
akaleta kompyuta tupu, akasema:
"Leo tujifanye tumeungua."
Karani mkuu akacheka.
Nani humchimbia kaburi mtu anayekula?

Mashine ikaumeza mkanda, ikafikiri,
ikaomba nywila.

Nywila aliiweka don Baudilio.
Don Baudilio amestaafu, anafuga nyuki huko juu,
na alituuliza mara tatu sisi ni watoto wa nani.
Akatupa asali. Nywila hakuwa nayo.
Ni mkewe, mikono ikiwa kwenye unga,
aliyesema kutoka jikoni bila kugeuka:
"Jina la mbwa, na mwaka wa majivu.
Si mbwa wa kwanza. Yule kilema."

Ikafunguka.
A, tukashangilia. H, kina Huenupi wote wapo,
kisima chao, hata muhuri uliopinda.
M, ukurasa nusu.
Kisha hakuna.
Mkanda ulikuwa mfupi, nasi tumekuwa wengi;
taa haikuulizwa hilo, nayo haikusema.

Eduvigis akatafuta P mwenyewe.
Akatafuta tena, akiinamia kioo
kama anayemwita mtu ndani ya pipa.
Miaka tisa alibeba bonde zima barabarani
na kwao hakukuwemo.

Hakulia. Paa lilikuwa bado juu yetu,
hati zenyewe bado zi hai mashineni,
duka la mikanda mirefu lilifungwa saa mbili usiku.
Akachukua koti.

Siku hizi, Jumanne ya kwanza ya mwezi, ofisi "inaungua".
Yerko hugonga kikombe kwa kijiko, ndiyo king'ora.
Karani mkuu hucheka bado, lakini huja.
Na Eduvigis huomba hati ileile kwanza,
husubiri, miwani mkononi,
mpaka itokeze:
Painemal, hekta sita, kijito upande wa kaskazini.