Vipande Milioni Arobaini

"Watakaotununua ni nani?"
Mama aliuliza hivyo, hakuongeza neno,
akakunja taulo ya kijivu mara nne
kama anavyokunja tangu kabla sijazaliwa.

Ni Denizli, mwezi wa pili. Theluji imeukalia mlima Honaz.
Chini yetu mitambo ya kufuma inatetemesha sakafu:
minane mizima, mitatu imekufa
na ingali inadaiwa.
Kaka yangu Tuncay ametandaza makaratasi mezani,
kurasa mia tatu na kumi na mbili,
na kila ukurasa unamsimulia mgeni
mambo ambayo sisi hatujawahi kuambizana.

Nikajaribu kueleza, maana mhasibu ni mimi.
Mama, kiwanda hakikatwi kwa msumeno.
Tunakihesabu tu: vipande milioni arobaini.
Kumi vinakwenda sokoni, thelathini vinabaki nyumbani.
Anayenunua habebi uzi wala bobini,
anabeba neno:
faida ikipatikana na tukaigawa, ana fungu lake;
isipopatikana, asije kutugongea mlango usiku.
Benki hugonga. Benki umeizoea.
Kukopa harusi, kulipa matanga,
na matanga yetu yameingia mwaka wa sita.
Mwenye hisa husubiri,
au huchoka, akamuuzia mwenzake,
wao wakabishana bei huko huko
sisi tukifuma.

"Na Sabahattin?"

Nikanyamaza. Hilo nalo limeandikwa,
ukurasa wa arobaini na nane, herufi ndogo:
kati ya vile kumi, vinne ni vya ami.
Anauza, anakwenda zake Izmir kulea goti lake,
na fedha hizo hazitapita kiwandani
hata kwa salamu.
Za vile sita, ndizo zitakazolipa benki
na kununua mitambo miwili mipya.

Tukafika kwenye sura ya hatari.
Nikasoma kwa sauti: bei ya pamba ikipanda,
umeme ukikatika,
yule mnunuzi mmoja wa Hamburg anayechukua nusu ya mzigo wetu
akiamka siku moja na kutusahau.
Mama, ambaye bei ya pamba alimficha hata dada yake,
akavua miwani.
"Haya yote tunayatangaza?"
Ndiyo sharti, Mama. Maji tumeyavulia nguo.
"Basi nashukuru," akasema, "taulo tunazo."

Tuncay akaenda Istanbul na tai ya kukodi,
akagonga kengele, akapigwa picha akicheka
kama mtu aliyeambiwa acheke.
Mama hakwenda. Alisema kengele yake
ni king'ora cha zamu ya saa mbili usiku.

Waombaji walikuwa wengi kuliko vipande,
kila mmoja akapewa kiganja:
mwalimu wa Konya, muuza samaki wa Trabzon,
askari aliyeomba kwa simu akiwa lindoni.
Siku ya kwanza bei ikapanda, tukala baklava.
Ya nne ikashuka, na hakuna aliyeweza kutuambia
taulo zetu zimekosa nini kati ya Jumatatu na Alhamisi.

Ijumaa, Bekir, fundi viatu wa Bayramyeri,
akasimama langoni na gundi kwenye kucha.
Ana hisa kumi na saba.
"Nimekuja kuitazama mali yangu."
Mlinzi alicheka. Mama hakucheka.
Akamtembeza mwenyewe, ukumbi hadi ukumbi,
naye Bekir akaitikia kwa kichwa, mikono nyuma,
haelewi kitu na hataki kionekane.

Ukumbi wa tatu, penye mitambo mifu, akasimama.
"Hapa hapana mtu," akasema.
"Taa hizi zinamwakia nani?"

Mama alimtazama kwa muda.
Miaka thelathini na mmoja, jengo zima,
mtu wa kuzima taa alikuwa yeye peke yake.

Akamwonyesha swichi ilipo.