Vidole Sitini

Agizo lilikuja kwa picha, Jumatano, nikichambua mchele:
kidole kimekatwa, kucha ndefu, damu kwenye shina.
Nikadhani kuna mtu kapata ajali kule Casuarina.
Kumbe ni biskuti.
"Sitini, Bi Swabra," akasema Ornella, Mtaliana wa nyumba ya buluu,
"za usiku wa mizimu, Ijumaa. Ziogopeshe."

Mimi nimeoka vileja vya arusi thelathini na moja,
visheti vya Idi mpaka kiganja kikaota sugu,
sijaambiwa hata siku moja: ziogopeshe.
Nimeambiwa: zisivunjike. Zisiwe kavu. Usituibie samli.
Nikakubali.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini sitini vinalipa stima.

Nikaanza na kipimo nilicho nacho.
Nikalaza kidole changu juu ya kibao,
nikasokota unga kando yake, urefu kwa urefu,
unga wa mchele, samli, sukari, hiliki.
Hiliki sikuiacha.
Maiti atakayetoka jikoni kwangu atanukia.

Trei ya kwanza ilifura:
vidole vya bawabu aliyeumwa na nyuki.
Jirani yangu Kadzo akachungulia, akacheka hadi akakaa sakafuni.
"Hawa si wafu, Swabra. Hawa wameshiba."
Ya pili, stima ikakatika katikati
(ile ile niliyokuwa naenda kuilipa),
vikalala ndani ya oveni vimelegea, rangi ya chaki,
na hapo, wallahi, vilitisha.
Ila vilikuwa vibichi.

Ya tatu tukarudi kwenye mkaa, moto juu, moto chini,
Kadzo akikandamiza vifundo kwa mgongo wa kisu,
mikunjo mitatu, mitatu, huku akisengenya ukoo wa mumewe.
Lozi, bei yake utadhani zimesoma chuo kikuu.
Tukapasua korosho.
Korosho ina manjano yake, ina ule mpindo
wa kucha ya mzee aliyekosa wa kumkata.
Damu tukaipika kwa sukari na rangi ya ubuyu
mpaka ikatoa povu, ikanata,
na mwanangu Rauhiya akalamba mwiko,
akaja barazani na mdomo mwekundu
paka akamkimbia.

Kidole cha shahada sikukitengeneza.
Nilifanya gumba, cha kati, cha pete, cha mwisho,
nikarudia, nikarudia.
Kile ninachokinyoosha nikimtaja Mola wangu
sikitii rangi ya ubuyu kwa karamu ya mtu.
Ornella hatajua.
Mimi nitajua.

Usiku wa manane nikaamka kuhesabu.
Nikafunua kitambaa, tochi ya simu mkononi.
Sikushtuka kwa kucha. Sikushtuka kwa damu,
damu niliipika mwenyewe.
Nilishtuka kwa sababu nilivijua.
Kile kifundo kinachokwenda kushoto kidogo,
ule unene wa chini, ile ncha inayojifanya nyembamba:
mkono wa mama, ukinipokonya mchekecho,
"Lete, unapoteza unga."
Mwaka wa saba sasa yuko mchangani.
Nilidhani napima kwa kidole changu.

Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, mbele ya trei,
nikamsomea Fatiha,
nikamwomba radhi,
kisha nikavipanga vidole vyake sitini katika boksi la keki,
karatasi chini, karatasi juu,
visigongane njiani.

Tuktuk ikanishusha kwenye lango la buluu.
Karisa, askari wa zamu, ana amri ya kukagua kila mzigo.
Akafungua. Akafunga.
Akatazama barabarani, huku na huku,
akatema mate pembeni,
akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:
"Vya nani?"

"Vya mamangu," nikamjibu.

Akanifungulia lango lote, mbao zote mbili,
kana kwamba napita na lori.