Kifungo cha Saba

Hoteli ya Kajaani, ghorofa ya chini,
ukumbi tumepewa nusu bei
kwa kuwa bomba la joto linakohoa.
Nje theluji imefika magotini.

Mlangoni Aulikki anaandika majina kwa kalamu ya kijani.
Langu amelikosea herufi, kama mwaka jana,
nami, kama mwaka jana, nalivaa hivyo hivyo.

Tamthilia yetu ilizimwa kabla ya sehemu ya kumi na mbili.
Nahodha bado ananing'inia kwenye kamba, huko angani,
miaka ishirini na sita, hakuna wa kumvuta.
Basi tunamvuta sisi.

Veikko, fundi wa lifti,
kashona joho la nahodha kwa pazia la marehemu mkewe,
vifungo ni vizibo vya soda.
Kitoto cha miaka tisa kinamkagua:
"Vilikuwa saba. Hivi ni sita."
Ukumbi kimya.
Kitoto kinagugumia soda yake hadi tone la mwisho,
kinampa kizibo.

Mchana kutwa tunabishana: je, kamba ilikatika?
Kahawa inapoa, mtu anapiga meza,
mwingine anacheka hadi miwani inamdondoka.
Kazini kwangu hawajawahi kunibishia kwa upendo hivi.

Jioni tunakunja viti wenyewe.
Kimoja, cha Raakel, hatukukigusa.
Hakuna aliyesema kitu.

Ndani ya treni ndipo nagundua sijabandua jina kifuani.
Mkagua tiketi analisoma, ananiita kwa kosa lile lile.

Naitika.