Hewa Kwenye Bomba

Tulianza kwa kung'oa ubongo.
Kisanduku cha alumini, kizito kama jiwe la kusagia,
mabomba mawili yakiingia, manne yakitoka,
na plagi ya nyaya yenye meno kama kitana.
Nilikifunga kwa gazeti nikakisukuma chini ya benchi.
Taa ya njano kwenye dashibodi ikawaka, ikalalamika;
kaka yangu Wepukhulu akaibandika utepe mweusi.
Hakusema kitu. Miezi saba hakuwa amesema kitu.

Gari lilinunuliwa kwa kahawa ya Bubulo,
robo ekari ya mama, upande wenye kijito.
Yeye alitia sahihi. Mimi nilikataa. Subaru ikaja
juu ya lori kutoka Kampala, bila viti, bila aibu.
Hata hivyo fundi ni mimi. Gereji ni yangu,
hapa Namakwekwe, nyuma ya duka la saruji,
na siwezi kumwacha mtu wa tumbo moja nami
ateremke Wanale kwa breki za kubahatisha.

Wateja wanauliza: mbona unatoa kitu kilichowekwa kuokoa?
Kwenye lami nisingekigusa. Lami ni ya watu wote.
Lakini kwenye murramu kile kisanduku huogopa mapema:
gurudumu likiteleza kidogo tu, kinaachia,
kinashika, kinaachia,
kama mtu anayeomba radhi kwa kigugumizi
huku kona inakuja.
Murramu inataka gurudumu lililofungwa,
lichimbe, lijikusanyie udongo mbele yake kama kizingiti.
Gari hili halitabeba watu wa soko.

Basi bomba jipya, la shaba na nikeli, mita nane.
Nililipinda kwa gumba juu ya chupa ya soda
ili kona zisibonyee. Nikapima, nikakata, nikapanua mdomo,
nikaukunja mara mbili kama mshonaji na pindo,
nikautazama kwenye mwanga: mviringo, bila ufa.
Kisha nikaona nati bado ipo mezani.
Kila fundi analijua tusi la saa hiyo.
Nikakata tena. Wepukhulu akacheka, kwa pua tu,
lakini alicheka.

Ya nyuma nikaitilia vali ya kupunguza nguvu,
maana mkia ukishika kabla ya kichwa
gari hugeuka kutazama lilikotoka.

Halafu ikaja kazi isiyofanywa na mtu mmoja.
Mimi chini, spana namba kumi, mpira mwembamba
umetumbukia kwenye chupa ya jamu;
yeye juu, mguu kwenye pedali.
Gurudumu la mbali kwanza: nyuma, kushoto.
Hapo huwezi kununa. Ukinyamaza, hewa inarudi ndani.
"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shika."
"Nimeshika."
Nafungua. Mapovu yanapita kwenye mpira, madogo, meupe,
pumzi iliyosahauliwa humo. Nafunga.
"Achia."
"Nimeachia."

Mara sitini, sabini. Mvua ikaanza juu ya mabati,
tukapaza sauti. Maneno yale yale matatu,
na jibu, na jibu,
hadi kijana wa duka la saruji akaja kuchungulia
akidhani tunapigana.
Mafuta yalinidondokea kiwikoni. Yanakula rangi ya gari;
ngozi yanaiwasha tu.

Gurudumu la mwisho, pedali ikapanda, ikawa ngumu
kama kukanyaga mzizi.
"Shika," nikasema.
"Nimeshika."
Spana nilikuwa nimekwisha kuirudisha kwenye boksi lake.
Nilibaki palepale, mgongo juu ya kadibodi,
nikifuata bomba langu kwa tochi, klipu baada ya klipu,
linavyopita mbali na ekzosi, linavyojificha nyuma ya ekseli.
"Khainza," akaita kutoka juu. "Niachie?"
Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina langu tangu kahawa.
"Bado," nikasema. "Natazama panapovuja."