Inavuja Wapi

Saa nane usiku, Ihumwa. Treni ya mwisho imeshapita.
Mezani mita, uji uliopoa,
na betri moja bapa, haifiki upana wa sarafu ya mia,
niliyoiahidi miaka kumi.

Ndahani alicheka nilipoiandika kwenye mkataba:
"Nyemo, ndoa za siku hizi hazifiki huko."

Kazi yenyewe ni ndogo. Kukaa kisimani Makutupora,
kila saa kuamka, kupima kina cha maji,
kutamka namba moja, kulala.
Vichakataji vya dukani vinajua mengi mno,
vinakesha kama mlinzi anayelipwa kwa miayo.
Ndipo nikachora changu, lango kwa lango,
na sasa nakiita "yeye", Mungu anisamehe.

Nimemnyima mengi.
Amri thelathini na moja, basi. Rejista nane.
Kugawanya hajui: akitaka nusu
asogeze biti hatua moja kulia.
Kuzidisha nilimwachia, kwa huruma tu,
kama kiti cha mgeni asiyetarajiwa.

Chura wa Bahi, mbuga ikikauka,
hujizika matopeni, akanyamaza.
Nilidhani nimemfundisha hivyo.
Lakini vipande vimerudi kutoka kiwandani,
nimekiunga cha kwanza kwenye mita, na mita inakataa:
amelala, na bado anakunywa
mikroampea nne.
Nne! Kwa kiu hiyo betri haivuki mwaka wa sita.

Nafungua mchoro. Nafuata waya wa saa
kama fundi bomba anayefuata unyevu ukutani,
kidole kiooni, chumba hadi chumba.
Kumbukumbu: imefungwa.
Kihesabio: kiko macho, ndiyo zamu yake.
Kisha chumba cha kuzidisha.
Hakuna aliyekiita tangu kizaliwe,
na saa inagonga mlango wake usiku kucha,
hodi, hodi, hodi,
mara elfu thelathini kwa sekunde.

Huruma yangu ndiyo inayovuja.

Kuifuta ni dakika moja.
Kuichonga upya kwenye silikoni ni miezi mitano,
na fedha ambazo sijui nitaziombaje.

Nje bomba limekohoa. Mgao umefika.
Naacha kila kitu, najaza ndoo tatu na sufuria,
nafunga koki kwa mikono miwili.
Tone moja limebaki mdomoni mwa bomba.
Linanenepa.
Nasimama gizani, nalisubiri,
nahesabu.