Hati ya Kupokea Mabango

Yalishuka Uvinza na treni ya mizigo,
mabango manne, mgongo kwa mgongo,
kama wagomvi waliolazwa kitanda kimoja.
Karani akanipa karatasi nitie sahihi.
Mabango manne. Nguzo nane. Bolti
kumi na sita; nikahesabu kumi na nne.
"Cha kupewa," akasema, "nacho unakihesabu?"
Nikamwambia nguzo haisimami kwa asante.

Juu ya guta, saruji mifuko mitatu,
sululu ya shemeji, timazi yangu ndani ya soksi,
mpaka gatini, pale Malagarasi unapopinda
na mafunjo huinamia kila upepo bila kuuliza jina.
Gati ni neno tu. Ni tope lililozoea miguu,
madumu ya mawese, magunia ya udaga,
mitumbwi saba iliyofungwa kwenye mzizi mmoja.

Bango la kwanza: TAHADHARI, MAMBA.
Herufi za mamba zimekonda,
jina la mfadhili limenona;
mtoto anayejifunza kusoma angedhani
anayeuma watu hapa ni mfadhili.

La pili, samaki wa mto. Kambale kachorwa
anatabasamu, sharubu mbili.
"Nane!" watoto wakapiga kelele. "Ana nane!"
Na kabla saruji haijashika, kipande cha mkaa
kilikuwa kimemwongezea sita zilizobaki.

La tatu: ABIRIA WOTE WAVAE MABOYA.
Bitama mpiga kasia akalisoma mara mbili,
akautazama mtumbwi wake, akanitazama mimi,
akauliza kama maboya yanakuja na treni ya Alhamisi.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na koleo.
Ndiye aliyenipa zile bolti mbili,
kazifungua kwenye keria ya baiskeli yake,
na tangu siku hiyo
baiskeli yake inalia kila shimo.

La nne lilikuwa ramani. Mto wa buluu,
reli nyeusi, na doa jekundu: UPO HAPA.
Lakini hatukuwapo. Aliyelichora
alichora gati la kabla ya mafuriko,
kabla mto haujahama na kutuhamisha.
Doa liliangukia majini, hatua mia mbili chini,
panapozunguka maji kama yanatafuta kitu.

Nikachukua brashi na rangi.
Nimezoea kusahihisha; timazi haina haya.
Nyamwiza, aliyekuwa akigeuza udaga juani,
akasogea, mikono myeupe mpaka viwikoni,
akaweka kidole kwenye doa.
"Hapa?"
Nikasema, limekosea, dada, ngoja kidogo.
"Halijakosea.
Hapa ndipo mtumbwi ulipolala
na Sebabili, na magunia manne ya chumvi.
Chumvi najua iliyeyuka."

Kisha akasoma, polepole,
silabi kwa silabi, na si mimi aliyenisomea:
"U-po. Ha-pa."

Rangi ikakauka kwenye brashi.
Akarudi kwa udaga wake, maana mawingu
yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Nguruka
na udaga hausubiri mtu amalize kulia,
ingawa yeye hakulia.
Juu ya doa kidole chake kiliacha unga.
Nilikuwa na kitambaa mfukoni. Sikukitoa.

Jioni kanga tatu zilikuwa zimeanikwa
kwenye bango la mamba, zinadondosha maji
juu ya jina la mfadhili.
Nikakaa juu ya mfuko mtupu wa saruji,
nikaikunjua karatasi ya karani.
Mstari mmoja ulikuwa haujajazwa:
Kasoro zilizoonekana.
Mimi, mhesabu bolti,
nikaandika: hakuna.